Mwaka Niliokula kwa Wifi Paskalina

Tulimzika wifi Paskalina kule Endabash, siku ya jua kali na vumbi, na baada ya maziko nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya turubai, sahani ya pilau mapajani, nimenuna. Misibani huwa nanuna. Wengine wanalia, mimi nanuna, ndivyo nilivyoumbwa. Neema, binti yake mkubwa, akaja akachuchumaa mbele yangu. Ananiita shangazi ingawa mimi si ndugu wa baba yake. Nilikuwa wifi wa mama yake katika ndoa ile ya kwanza, iliyovunjika kabla watoto hawa hawajazaliwa. “Shangazi, nikuulize kitu,” akasema. “Mama hakuvuka darasa la saba. Sasa ile habari ya jiwe na uzi aliitoa wapi?” Nikajifanya sielewi. “Jiwe gani?” “Tulipokuwa wadogo, mtu akilia, mama anafunga jiwe kwenye uzi, analiachia libembee, anatuambia tuhesabu. Halafu anafunga jingine kubwa, anasema haya mawili yatakwenda sawa, msinibishie. Siku mwalimu wa fizikia alipotufundisha kitu hicho sekondari, mimi nilikuwa nakijua tangu sijaota meno.” Jamani, nilicheka. Nilicheka kwa sauti pale pale msibani, wazee wakageuka kunitazama, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka. Nikamwambia ni habari ndefu, nitakuandikia.

Basi, Neema, sikuanzishii na mambo ya ukoo, nani kamzaa nani. Hayo utayapata kwa wengine. Mimi naanzia kwenye sufuria. Mwaka ule nilikuwa kidato cha nne katika sekondari ya huku juu Mbulumbulu, na katika fizikia nilikuwa moto wa kuotea mbali. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu nimestaafu, nimepima viwanja na mashamba ya watu wilaya nzima, na sina tena haja ya kujishusha. Wenzangu wasichana walikuwa wanalikimbia somo lile, mimi nilikuwa nalikimbilia. Baba alikuwa ameshanieleza msimamo wake mapema: nikifaulu naendelea kidato cha tano, nikikosa mtihani hakuna cha kurudia mwaka, jembe liko pale. Baba hakuwa mtu wa maneno mawili. Kwa hiyo kila kitu changu, kila nilichokitaka duniani, kilikuwa kimewekwa kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka ule.

Ilikuwa Januari, shule ndiyo zimefunguliwa. Shule ilikuwa mbali na nilikuwa naondoka kabla watu hawajaamka, kwa hiyo siku ile niliondoka bila kujua lolote. Kichanga cha wifi Paskalina, mtoto wa kaka yangu Bura, kilikuwa na homa tangu juzi yake. Kilifariki alfajiri, na wakati mimi nanakili notisi kutoka ubaoni, wao walikuwa wanazika. Nilirudi mchana nina njaa ya kufa mtu. Nikaingia nyumbani kwa wifi kama siku zote, maana ndiye aliyekuwa akiniwekea chakula. Yeye alikuwa amekaa kitandani chumba cha ndani, amegeukia ukutani. Nikadhani ananyonyesha. Nikafunua sufuria: kiporo cha ugali na mboga ya maboga. Nilikula nimesimama, kwa pupa, nikakwangua mpaka chini. Nilipotoka nje nikilamba vidole, bibi yetu, ambaye sisi kwa Kiiraqw tulimwita Ama, alikuwa amesimama uani na shuka lake begani. Akavitazama vidole vyangu. “Umekula?” akauliza. “Nimekula, Ama.” “Kwa nani?” “Kwa wifi, kwani kuna nini?” Ama akashika kichwa kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua moja, kutoka kwangu, mjukuu wake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akirudi nyuma kwa kuniogopa.

Siku hizi vijana hawalijui hata neno lenyewe, kwa hiyo nalieleza. Zamani kwetu, mama akifiwa na mtoto mchanga alikaa metimani. Yaani anatengwa. Hachoti maji kwenye kijito cha wote, hapiti shambani kwa mtu wala karibu na zizi, haazimi moto, hashiki mkono wa mtu, mpaka mwaka uzunguke na mvua za masika nyingine zinyeshe. Na aliyekula kwenye chombo chake katika muda huo, huyo yumo naye. Si adhabu, wala hakuna aliyemchukia. Ni kwamba watu waliamini kifo cha namna ile hakijashiba, kinatafuta pa kwenda, na wewe uliyekigusa usikipeleke kwa watoto wa wenzio. Hata mwaka ule wengi walikuwa wamekwisha kuyaacha hayo, hasa watu wa kanisani. Lakini pale kwetu neno la mwisho lilikuwa la Ama, na Ama alikuwa amezika watoto wake mwenyewe kule chini ya mlima, hakutaka mchezo. Kaka Bura naye alitakiwa kukaa ndani na mkewe. Alikaa? Wapi! Yeye alikuwa mpishi wa kambi za watalii, na jioni ya maziko alipanda lori la ngano kwenda Karatu, na kwa miezi yote iliyofuata alikuwa kule ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la wanyamapori, anawapikia wazungu supu. Wao hawakujua kitu, wakala supu yake, na sijasikia mzungu aliyekufa. Tuliobaki ndani tulikuwa wawili: mwanamke aliyefiwa, na mimi na tumbo langu.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi na bati, vyumba viwili. Cha nje kilikuwa na mafiga, mtungi, na benchi moja. Cha ndani kitanda cha kamba ambacho sasa tulilala wote, na kamba ya nguo ambapo vishati vya mtoto vilikuwa bado vinaning'inia. Wifi hakutaka viondolewe na mimi sikutaka kuvitazama, kwa hiyo nililala nimegeukia mlango. Nje kulikuwa na ua mdogo na ukuta wa minyaa pande zote, na penye upenyo palikuwa na jiwe. Hapo Ama aliweka makande au ugali na maharage kwenye sahani kuukuu ambazo hazikutoka tena. Kila kilichoingia kwetu kilikuwa chetu moja kwa moja. Maji alileta baba. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye Jumapili alisimama mbele ya waumini akasema hofu za mababu zimekwisha, Jumatatu alikuja na ndoo yake, akainyanyua juu mpaka mikono ikatetemeka, akamimina kwenye ndoo yetu kutoka kwa mbali ili vyombo visigusane. Nusu ya maji iliishia miguuni mwetu. “Baba, sogea basi,” nilimwambia. “Hapa panatosha,” alijibu bila kunitazama. Nilimchukia. Sina neno jingine.

Mlango haukuwa na kufuli, Neema. Hilo ndilo watu hawalielewi nikiwasimulia. Hakuna aliyetulinda. Wiki za mwanzo nilijiambia kila asubuhi kwamba leo naondoka, nakwenda shule, atakayeongea na aongee. Siku moja nikavaa sare, nikachukua madaftari, nikatoka kwenye upenyo nikaingia njiani kichwa juu. Nikakutana na jirani yetu mmoja, mjamzito, mimba yake imeshafika mwishoni, amebeba kuni. Aliponiona, alizitupa kuni zote chini. Hakupiga kelele. Alishika tumbo lake kwa mikono yote, akakimbia kupitia kwenye ngano, akianguka na kuinuka. Yule mama alikuwa akinisuka nywele nikiwa mdogo. Nilisimama pale na madaftari yangu, nikaona vijiti vya kuni vimetapakaa njiani. Nikarudi ndani mwenyewe. Tangu siku ile sikuwa tena na haja ya kufungwa na mtu.

Kutwa nzima tulisikiliza. Njia ya kisimani ilipita nyuma ya minyaa, na wanawake walipofika usawa wetu walishusha sauti, ila si vya kutosha. Tulijua nani kaolewa, ng'ombe wa nani kazaa, bei ya maharage Karatu imeshukaje. Tulisikia pia habari zetu. “Yule mtoto alikuwa na kichwa, maskini.” “Alikuwa.” Wakasema alikuwa! Nilitaka kuruka ua. Kwa wifi nilikuwa na hasira ambazo nilizionea haya lakini sikuweza kuzizuia. Nilimwona anakaa kwenye benchi, mikono mapajani, maziwa yamemlowesha gauni kifuani na hakuna wa kuyanyonya, na badala ya kumwonea huruma nilikuwa nawaza: kwa nini hukuniambia? Neno moja tu, Yasinta usile, lilikushinda nini? Nikamuuliza siku moja, kwa ukali. “Sikukuona,” akasema. “Siku ile sikuona mtu.”

Aliyekuja kutuchomoa kutoka kwenye mauti yale ni Mwalimu Saning'o, mwalimu wangu wa fizikia, kijana wa Kimaasai kutoka Oloipiri kule Loliondo. Alikuja Jumamosi, shati la mikono mirefu na shuka juu yake, akasimama nje ya upenyo, nyuma kabisa ya lile jiwe, akaita. Ama alimfuata mbio na fimbo yake. Kwa watu wa umri wa Ama, Mmaasai alikuwa ni mtu aliyekuja kuchukua ng'ombe, si kufundisha. “Unataka nini hapa?” “Shikamoo, bibi. Nimekuja kumfundisha mwanafunzi wangu. Sitaingia. Kwetu pia ziko nyumba ambazo mtu haingii ovyo.” Ama akamkagua juu mpaka chini. Nafikiri alitegemea kubishiwa, akiwa na majibu yote tayari, na yule kijana hakumbishia. “Simama hapo hapo,” akasema. Na mwalimu akasimama hapo hapo kila Jumamosi kuanzia masika mpaka kiangazi, akinifundisha kwa kupaza sauti, kwa Kiswahili chake cha Kimaasai, kitongoji kizima kikisikia. “Yasinta! Kasi ni nini?” “Umbali gawanya kwa muda!” “Na mchapuko?” “Badiliko la kasi gawanya kwa muda!” Watoto wa njiani wakashika, wakawa wanaimba mchapuko, mchapuko, wakiteremka na ndoo. Nilijua sasa watu wananicheka, na sikujali hata kidogo. Ulikuwa umepita muda tangu mtu aniulize swali akitegemea nina jibu.

Vipimo ndivyo alivyovianza, kwa sababu praktiko ya mwisho, yaani mtihani wa vitendo, ingekuwa ya vipimo na mimi sikuwa na maabara. “Tengeneza maabara yako humo humo,” akapaza sauti. Ile bembea ya jiwe, pendulamu, ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote: uzi kwenye boriti, jiwe chini, unapima urefu wa uzi, unaliachia libembee, unahesabu na kuangalia saa. Saa tulikuwa nayo, ya Bura, yenye mshale wa sekunde, aliisahau katika kukimbia kwake. Wa kuhesabu nilikuwa sina, maana huwezi kutazama mshale na jiwe kwa pamoja. Nikamwambia wifi, kwa sauti ya kuamrisha, “Wewe hesabu.” Nilitegemea akatae. Akainuka kutoka kwenye benchi, akaja akasimama chini ya boriti, akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo, na nilipomwambia basi alikuwa bado anaendelea. Kesho yake asubuhi, kabla sijanawa uso, yeye mwenyewe akaniuliza, “Leo hatupimi?”

Hapo ndipo ilipoanza ile kazi yetu. Alikuwa mbishi, mama yako, usione. Nilipomwambia jiwe zito na jiwe jepesi yanabembea kwa muda uleule mradi uzi ni uleule, akaniambia nimwache na uongo wa shule. Akatafuta jiwe la kusagia chumvi, akalifunga mwenyewe kwa fundo la kamba ya ng'ombe, akapima urefu mara mbili, akaliachia. Sawasawa. Akasema upepo. Akafunga dirisha. Sawasawa. Akakaa chini sakafuni akilitazama jiwe lile linakwenda na kurudi, halafu akasema, “Ee, kumbe halijali,” akacheka kidogo, puani. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka uanze, nami nikageuka haraka nikajifanya nachochea moto. Ukuta wa chumba cha nje ulijaa hesabu zangu za mkaa. Tulipima kila kitu: lori la ngano linatumia muda gani kutoka mti ule hadi mti ule, maji ya baba yanaanguka kutoka urefu gani, ndoo inajaa kwa muda gani. Baba akawa anaona tunamtazama na saa mkononi, akadhani tumepata wazimu.

Lakini jambo moja lilitunyima raha. Kwa pendulamu unaweza kupata nguvu ambayo dunia inavutia vitu, na kitabu kilisema tisa nukta nane. Sisi tulipata tisa, na mara nyingine hata tisa haikufika. Tulirudia wiki nzima. Tukabadilisha uzi, tukabadilisha jiwe, nikapiga hesabu upya mpaka mkaa ukaniingia kwenye kucha. Tisa. Wifi akasema, taratibu, bila masihara, “Labda hapa ndani dunia haivuti sawa na kwa wenzetu.” Na hata mimi, mwanafunzi bora wa fizikia, nilikuwa nimeanza kuliwaza hilo. Ndiyo, tulifikia hapo. Ukikaa muda mrefu mahali ambapo watu wanakukimbia, unaanza kuamini kwamba hata mawe yanakujua. Jumamosi nikapaza sauti, nikamwambia mwalimu jibu letu. Mwalimu akauliza, “Mnapima urefu kwa kitu gani?” “Futi ya wifi ya kushonea.” “Ya kitambaa? Ya zamani?” “Ya zamani.” Akaanza kucheka, si kwa dharau. “Imevutika hiyo, Yasinta! Imevutwa na mafundi mpaka imerefuka, inasoma pungufu! Dunia haina kosa!”

Jumamosi iliyofuata alikuja na rula ya mita ya shule, ile ya mbao, ambayo shule nzima ilikuwa nayo hiyo na nyingine iliyovunjika. Ama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akimlinda. “Ikiingia haitoki,” akamwambia. “Najua, bibi.” Na akairusha juu ya minyaa, ikaanguka uani kwa wifi. Baadaye nilisikia mwalimu mkuu alimfokea mbele ya wanafunzi kwa ajili ya rula ile. Siku ile hatukujua. Tulipima uzi upya, wifi akahesabu, nikapiga hesabu, na ikatoka tisa nukta saba na kitu. Tulishikana mikono tukaruka, mimi na mwanamke niliyekuwa nimemchukia, tukaruka kama mabinti wa darasa la pili mpaka vumbi likajaa ndani. Halafu wifi akaketi kitandani akalia, na hakulia kwa ajili ya rula. Nikakaa naye. Jioni hiyo tulivikunja vile vishati, yeye akinipa kimoja kimoja, tukaviweka kwenye sanduku.

Somo la nishati lilifika Septemba. Mwalimu akaeleza, akiokota jiwe na kulinyanyua ili nilione juu ya minyaa: “Ukiliinua jiwe, kazi uliyoifanya haipotei. Imo ndani ya jiwe. Imekaa, inasubiri uachie.” Kabla sijajibu, wifi, ambaye hajawahi kumsemesha mwalimu, akaongea nyuma yangu. “Mwalimu, na kama hakuna anayeachia?” Mwalimu alishangaa kusikia sauti nyingine. “Basi inabaki humo humo, mama.” “Mpaka lini?” “Hata milele.” Wifi akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nilimfokea mwalimu nikamwambia hana adabu, unamwambiaje aliyefiwa neno kama hilo, naye akasema samahani mara nyingi. Lakini nilipoingia, wifi hakuwa analia. Alikuwa anachambua maharage, uso umetulia, akaniuliza praktiko ni lini. Nikamwambia ni mwezi wa kumi na moja. “Na masika ni mwezi wa tatu,” akasema. Nikamjibu kwa hasira kwamba najua, sikuhitaji kukumbushwa.

Mwalimu Saning'o alijaribu. Asubuhi moja, wiki ya mtihani ikiwa inakaribia, alikuja siku isiyo ya Jumamosi na akamsalimia Ama akiwa ameinamisha kichwa, kama wanavyosalimia wadogo kwao. Baba alikuwepo, na wanawake wawili watatu waliokuwa wakienda kisimani walisimama kusikiliza bila kujificha. Mwalimu akasema jina langu limeshapelekwa, namba ipo, meza itakaa peke yake pembeni, sitagusa mtu. Ama akamsikiliza mpaka mwisho. “Wewe una ng'ombe, mwalimu?” “Ninao, bibi.” “Mmoja akiugua, ugonjwa wa kufa, unampeleka malishoni kwa wenzio kwa sababu ana akili?” Ni Mmaasai, kwa swali hilo asingeweza kudanganya. “Hapana, bibi,” akasema. Baba akatazama miguu yake. Nilikuwa nimesimama kwenye upenyo, nimevaa sare yangu iliyokuwa imenibana, na nikaona jinsi jambo langu lilivyokwisha, kwa upole, bila mtu kupandisha sauti. Sikulia. Nilikuwa nimekauka.

Ndipo wifi Paskalina akatoka ndani. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri na kufunga kilemba, na akasimama mbele yangu. “Hakula,” akasema. Ama akauliza, “Nini?” “Huyu mtoto hakula kwangu siku ile. Sufuria ilikuwa tupu. Alikuwa anatafuna andazi alilotoka nalo shuleni.” Wanawake wa njiani wakaguna. Ama akainuka polepole kutoka kwenye kigoda chake. “Hakula. Sasa amekaa humu anafanya nini mwaka mzima?” “Nilimwacha aamini kwamba kulitafuna humu ndani ni sawa na kula kwangu. Mume wangu alinikimbia, mtoto wangu amezikwa. Nilimwona anaingia, nikasema huyu nitabaki naye.” Nikasema, “Wifi!” na nikamshika kitenge, naye akanisukuma mkono bila kugeuka. Lile la kwanza, kwamba sikula, lilikuwa uongo mtupu. Hili la mwisho, kwamba aliniona nikiingia, mpaka leo, Neema, sijui.

Nilimtazama Ama. Ama mwenyewe ndiye aliyeviona vidole vyangu. Ama ndiye aliyeniuliza umekula, na nikamjibu nimekula, kwa mdomo wangu, tukiwa wawili tu uani. Angenigeukia tu wakati ule akauliza tena, ningemjibu vile vile, kwa sababu sikujua kumdanganya na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alinitazama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu akageuza uso, akamgeukia wifi, na akaanza kumfokea. Alimfokea kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo, ili kila aliyeko njiani asikie: mchoyo, mbinafsi, umemfungia mtoto wa watu kwa upweke wako. Wifi akasimama akayapokea yote, macho chini. Na maneno yale yalimshika, yakamfuata mpaka Endabash alikoolewa tena. Kuna wanawake huku Mbulumbulu ambao hawakumsamehe mpaka wanazeeka. Ama alipomaliza, akaninyooshea fimbo. “Toka. Aliyeingizwa kwa uongo, kifo hakimshiki. Na usikanyage tena humu mpaka masika.” Nikatoka mikono mitupu. Sikuruhusiwa kumuaga wifi, kwa sababu sasa nilikuwa mtu msafi na yeye hakuwa msafi. Nilipogeuka alikuwa ameshaingia ndani, na mlango umerudishiwa.

Praktiko ilikuwa ya pendulamu. Sikushangaa wala sikufurahi. Nilifunga uzi, nikapima, nikaachia, na kwa kuwa kila mtahiniwa alikuwa peke yake, nilihesabu kwa midomo, nikisikia sauti ya wifi ikihesabu mbele yangu. Nilijua nimefaulu kabla sijatoka mlangoni. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jambo moja: kumwambia Ama. Si kumshukuru, hapana, nilikuwa bado na hasira naye mpaka kooni. Nilitaka nimwambie usoni kwamba nimefaulu, halafu nimuulize kwa nini hakuniuliza, na kwa nini amemwacha mwanamke yule abaki kule peke yake na matusi juu. Nyumbani kwake kulikuwa kimya. Zizini nikamkuta baba amechuchumaa, anawakamua ng'ombe wa Ama, kazi ambayo Ama hakuwahi kumwachia mtu, hata alipokuwa na homa.

“Ama yuko wapi?” nikauliza.

Baba hakuinua kichwa. “Ameingia kule.”

“Kule wapi?”

“Kwa Paskalina. Asubuhi, ulipoondoka tu. Amechukua kigoda chake, akawaaga ng'ombe, akaingia akaomba chakula.”

Nikashika mti wa zizi. Ama, ambaye aliyaamini yale yote kuliko sisi wote.

“Amekula?”

“Amekula,” baba akasema. “Sahani moja naye.”